Beringi na Spesa Katika Habu za Pikipiki Kongwe za Trayali

Gurudumu la pikipiki halishikwi na beringi peke yake. Ndani ya habu kuna beringi mbili, kila moja upande wake, na kati yake kuna kibomba cha chuma ambacho mafundi hukiita spesa ya ndani. Nje ya beringi, kila upande, kuna spesa nyingine fupi inayojaza nafasi iliyobaki hadi kwenye foku au kwenye mkono wa nyuma. Ekseli hupita katikati ya vyote hivi. Nati yake ikikazwa, vyote hubanwa kuwa nguzo moja: mguu wa foku, spesa ya nje, ringi ya ndani ya beringi ya kwanza, spesa ya ndani, ringi ya ndani ya beringi ya pili, spesa ya nje, mguu wa pili wa foku. Nguzo hiyo haizunguki. Kinachozunguka ni habu pamoja na ringi za nje za beringi, na baina ya kinachozunguka na kilichosimama zimo gololi tu.

Kutokana na mpangilio huo, urefu wa spesa ya ndani ndio unaoamua maisha ya beringi. Ikiwa fupi kuliko umbali uliopo kati ya vikao viwili vya habu ambamo beringi hukaa, nati inapokazwa huzivuta ringi za ndani zikaribiane, huku ringi za nje zimezuiwa na kingo za habu na hazina pa kwenda. Gololi hubaki zimebanwa kiubavu, jambo ambalo hazikuundwa kulistahimili kwa muda mrefu. Gurudumu linazunguka, lakini kwa uzito. Grisi inapata joto, njia za gololi zinachimbika, na beringi mpya inakufa kabla ya ile ya zamani iliyotolewa ikiwa na kutu.

Fundi ambaye kumbukumbu zake ndizo msingi wa maelezo haya alizitengeneza pikipiki za trayali kwa miaka mingi kaskazini mwa Uingereza, na dai lake kubwa halikuwa na utata: beringi hulaumiwa, mkosaji ni spesa. Si kweli kila mara, kwa kuwa maji nayo yana hatia yake kubwa, lakini dai hilo lilimfanya apime kwanza kabla ya kununua chochote.

Trayali ni mchezo wa pikipiki usiojali mwendo kasi. Mpandaji hupita juu ya mawe, mizizi, mito na miteremko bila kuweka mguu chini. Mguu ukigusa ardhi mara moja ni alama 1 ya adhabu, mara mbili ni 2, mara tatu au zaidi ni 3, na kushindwa kuimaliza sehemu ni 5. Atakayerudi na alama chache ndiye mshindi. Mashindano yake yenye sifa kubwa ni Scottish Six Days Trial, siku sita za milima na mito ya Uskoti kuzunguka mji wa Fort William. Mwaka 1965 Sammy Miller aliyashinda akiwa juu ya Bultaco Sherpa T ya Hispania, na tangu hapo pikipiki nzito za Kiingereza zenye injini za mipigo minne zikaanza kusogezwa kando. Zikafuata Montesa Cota, Ossa iliyoendelezwa na Mick Andrews, kisha Yamaha TY ambayo Andrews huyohuyo aliifanyia kazi katika miaka ya sabini. Hizo ndizo zinazoitwa kongwe leo, nazo bado zinapandwa katika mashindano yaliyotengewa umri wao.

Aina hiyo ya matumizi ina maana kwa habu. Gurudumu la trayali halizunguki kwa kasi, kwa hiyo uchakavu wa kawaida wa beringi, ule wa kilomita nyingi za barabara, si tatizo. Tatizo ni kwamba habu huzama. Pikipiki iliyoteremka mlima imepata joto kwenye breki. Inaingia mtoni, hewa iliyomo ndani ya habu inapoa na kusinyaa, na maji yanafyonzwa kupita kwenye sili iliyochakaa. Kisha pikipiki inawekwa kibandani kwa wiki tatu. Beringi nyingi zinazotolewa kwenye habu hizi hazijachakaa hata kidogo. Zimeliwa na kutu zikiwa zimesimama, na alama za kutu huonekana zimepangana kwa umbali sawa na ule wa gololi.

Sababu ya pili ya habu hizi kusumbua ni umri. Bultaco na Ossa zilifunga viwanda vyao mwanzoni mwa miaka ya themanini. Tangu hapo pikipiki hizo zimepita mikono mingi, na kila mkono umeacha alama yake: gurudumu la modeli nyingine, foku ya mwaka mwingine, ekseli iliyokerezwa upya. Spesa ni kitu kidogo, huanguka chini ya benchi na kusahaulika. Fundi huyo aliwahi kutoa ndani ya habu kipande cha bomba la maji kilichokatwa kwa msumeno wa chuma, ncha moja ikiwa imekwenda mshazari kiasi cha kuonekana kwa macho. Mtu aliyekiweka alikuwa amefunga beringi mpya za gharama kila upande.

Ukaguzi huanza gurudumu likiwa bado mahali pake, limeinuliwa juu ya kreti au stendi. Rimu hushikwa juu na chini na kutikiswa kushoto na kulia. Mchezo wowote unaosikika hupaswa kutafutiwa chanzo, kwa kuwa si lazima utoke kwenye beringi. Bushi za mkono wa nyuma zikiisha, gurudumu la nyuma hucheza vilevile. Kwa mbele, beringi za shingo ya usukani zilizolegea humdanganya mtu kabisa. Njia rahisi ni mtu wa pili kuweka kidole kwenye kiungo kati ya habu na mguu wa foku wakati rimu ikitikiswa. Mchezo ukiwa hapo, kidole kitaujua. Baada ya hapo gurudumu huzungushwa polepole. Sauti ya kukwaruza, au kukwama kwa vituo vidogo vidogo, ni kutu au njia za gololi zilizochimbika.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho wengi hawakifanyi, nacho kinafichua mengi. Nati ya ekseli hulegezwa kidogo, gurudumu likazungushwa. Kisha hukazwa kwa nguvu yake kamili, likazungushwa tena. Gurudumu lililo sawa halibadiliki. Likiwa jepesi nati ikilegea na zito nati ikikaza, spesa ya ndani ni fupi, imeminywa, au haipo. Wapo wanaogundua hali hiyo na kuamua kuendesha huku nati ikiwa nusu imekazwa. Hilo ni jambo la hatari, maana ekseli iliyolegea humenya foku, na siku moja gurudumu hutoka.

Wakati wa kufungua, kila kitu hupangwa juu ya gazeti kwa mfuatano uleule kilivyotoka, upande wa kushoto kushoto na wa kulia kulia. Simu ya mkononi imeirahisisha kazi hii, lakini mchoro wa penseli wenye vipimo una faida ya kudumu kuliko picha. Ekseli iliyoshikwa na kutu isipigwe moja kwa moja kwenye nyuzi zake. Nati hurudishwa hadi usawa wa ncha, au hutumiwa kipande cha shaba, ndipo nyundo ije. Breki za dramu za miaka ile huenda zina asbestosi kwenye bitana za viatu vyake. Vumbi lake halipulizwi kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo, bali hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, na kitambaa hicho hutupwa kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko.

Sili hung'olewa kwa bisibisi pana na hazirudishwi. Chini yake mara nyingi kuna pete ya chuma inayokaa kwenye mfereji, au pete yenye nyuzi iliyosokotwa ndani ya habu. Hii ya pili huhitaji subira. Baadhi zina nyuzi za kushoto, yaani hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea kulia, na nyingine zimepigwa punchi kiwandani ili zisilegee. Alama hizo za punchi hutobolewa kwanza kwa keekee. Kabla ya kutumia nguvu, mwelekeo wa nyuzi huangaliwa kwa tochi. Aluminiamu ya habu ni laini, na nyuzi zilizoharibika hapo hazina dawa nyepesi.

Kutoa beringi ya kwanza ndiyo sehemu inayowasumbua wanaoanza. Spesa ya ndani imelala kati ya beringi mbili, na tundu lake limelingana na matundu yao, kwa hiyo fimbo ya kugongea haipati pa kushika. Katika habu nyingi spesa hiyo inaweza kusukumwa kando milimita moja au mbili kwa sababu haibanwi na kitu ekseli ikiwa nje. Fimbo ya chuma yenye ncha kali huingizwa kutoka upande wa pili, spesa ikasogezwa, na ukingo mwembamba wa ringi ya ndani ukajitokeza. Hapo hugongwa kidogo, fimbo ikahamishiwa upande unaokabili, hugongwa tena, na hivyo hivyo kwa zamu. Anayegonga sehemu moja tu huilaza beringi mshazari, nayo huchimba ukuta wa habu. Spesa ikikataa kusogea, hutumika kichomoleo cha kutanuka: kidude chenye mpasuko huingizwa kwenye tundu la beringi, kabari ikakitanua, na beringi ikagongwa kutoka nyuma. Beringi iliyotoka kwa kugongwa kwenye ringi yake ya ndani haifai tena, hata ikionekana nzima, kwa kuwa kila pigo limepita kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye njia zake.

Joto husaidia kuliko nyundo. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma: takribani sehemu 23 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, dhidi ya 12 hivi za chuma. Kikao cha kipenyo cha milimita 35 kikipandishwa joto kwa nyuzi 80 hutanuka karibu milimita 0.064, na beringi iliyomo ndani ikipata joto hilohilo hutanuka takribani nusu ya hapo. Mkazo wa kawaida wa beringi katika habu ni sehemu chache tu za mia za milimita, kwa hiyo tofauti hiyo inatosha kuilegeza. Bunduki ya hewa moto inayozungushwa kuzunguka habu ni salama kuliko moto wa gesi. Tone la maji likichemka juu ya habu, joto limefika. Baadhi ya habu za zamani zilisubuiwa kwa magnesiamu, na hizo zisionyeshwe mwali kabisa.

Beringi ikishatoka, kitu cha kwanza ni kusoma namba yake. Namba hizi ni za kimataifa, na 6202 ni ileile mtu aiombe Leeds au Kariakoo. Tarakimu ya kwanza, 6, humaanisha beringi ya gololi yenye njia ya kina. Ya pili hueleza unene: 0 ni nyembamba, 2 ni ya wastani, 3 ni nene zaidi. Mbili za mwisho hutaja tundu: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 tarakimu hizo huzidishwa kwa 5. Hivyo 6202 ina tundu la milimita 15, kipenyo cha nje 35 na upana 11. 6302 ina tundu lilelile la 15, lakini kipenyo cha 42 na upana 13. Namba kwenye beringi iliyotoka haithibitishi kwamba ndiyo iliyotakiwa. Kikao na ekseli hupimwa kwa vernia, na vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua. Pikipiki za Kiingereza zilizotangulia zile za Hispania mara nyingi zina beringi za inchi, ambazo zinakaribiana na za milimita kiasi cha kumshawishi mtu mwenye nyundo nzito. Baadhi yake zina beringi za koni, ambazo hurekebishwa kwa kukazwa na kulegezwa, na kanuni za spesa zinazoelezwa hapa si zake.

Baada ya namba huja herufi. Kwa trayali inayofaa ni yenye sili za mpira pande zote mbili, ambayo viwanda huiandika 2RS, DDU au LLU kutegemea jina lililo kwenye boksi. Zenye vifuniko vya bati, ZZ au 2Z, huzuia vumbi lakini maji hupita. Alama ya C3 maana yake ulegevu wa ndani ni mkubwa kidogo: kwa tundu la milimita 15, beringi ya kawaida ina maikroni 3 hadi 18, na C3 ina 11 hadi 25. Katika habu yenye mkazo mwingi C3 haina ubaya, kwa sababu ringi ya nje ikibanwa na kikao hupungua kidogo na kuula ulegevu huo. Ubishi wa C3 au si C3 unapewa muda mwingi kuliko unavyostahili. Muda huo ungefaa zaidi kutumika kwenye vernia.

Kupima spesa huanza na kupima habu. Hupimwa upana wote wa habu kutoka mdomo mmoja wa kikao hadi mwingine, kisha kina cha kila kikao kutoka mdomoni hadi ukingo wa ndani ambapo ringi ya nje hukaa. Vina viwili hutolewa kwenye upana, na kinachobaki ni umbali kati ya kingo mbili. Spesa inapaswa kuwa sawa na umbali huo au ndefu kidogo, kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita, na isizidi mbili za kumi. Kamwe isiwe fupi. Vikao husafishwa kwanza hadi aluminiamu ionekane, kwa sababu uchafu uliokaukia pembeni mwa ukingo unaweza kufikia unene wa tofauti nzima inayotafutwa. Kila kipimo huchukuliwa sehemu tatu kuzunguka duara.

Habu ya nyuma ya pikipiki moja ya Kihispania ya miaka ya sabini inafaa kuwa mfano. Mwenye nayo alikuwa akibadilisha beringi kila msimu. Alilaumu maji, akalaumu duka, akahamia beringi za bei ya juu, nazo zikaisha vilevile, daima ya upande wa cheni ikitangulia. Ilipopimwa, upana wa habu ulikuwa milimita 96.4, na vina vya vikao 14.2 na 13.1. Umbali kati ya kingo, basi, ni 69.1. Spesa iliyokuwamo ilikuwa 68.7. Nne za kumi za milimita ni zaidi kidogo tu ya unene wa kadi moja ya karata, lakini kwa gololi zenye ulegevu unaohesabiwa kwa maikroni ni umbali mkubwa. Ncha za spesa hiyo zilikuwa zimebonyea na kung'aa kwa ndani, dalili kwamba mtu alikuwa akikaza nati kwa bomba refu kwenye spana. Huenda spesa haikuzaliwa fupi. Chuma laini kikikazwa kupita kiasi kwa miaka hufupika.

Spesa fupi ina tiba mbili. Ya kwanza ni washa nyembamba ya chuma kigumu yenye kipenyo cha nje kisichozidi kile cha ringi ya ndani, ikiwekwa kwenye ncha moja. Ikizidi hapo itagusa sili au ringi ya nje na kuleta balaa jipya. Ya pili, iliyo bora, ni kukereza spesa nyingine. Fundi kerezo hupewa vitu vitatu: urefu, tundu linaloiruhusu ekseli kupita bila kucheza sana, na kipenyo cha nje kinachoegemea ringi ya ndani tu. Jambo la nne asiloambiwa ndilo litakaloharibu kazi: ncha mbili lazima ziwe sambamba. Spesa yenye ncha iliyopinda huipinda ringi ya ndani, na ekseli ikikazwa hupinda pamoja nayo. Kwa hiyo ncha zote mbili hukatwa kwenye kerezo. Tupa haifai hapo, hata mikononi mwa mtu anayejiamini. Chuma cha kawaida chenye kuta nene kinatosha. Aluminiamu huonekana ya kuvutia kwa wanaohesabu gramu, lakini ringi ngumu za beringi huichimba, na urefu ukaanza kupotea upya.

Wakati uleule vikao vyenyewe huchunguzwa. Ukuta unaong'aa kama kioo, au wenye michirizi ya duara, unaonyesha kwamba ringi ya nje imekuwa ikizunguka ndani ya habu. Beringi mpya ikiingia kwa kidole bila joto, kikao kimepanuka. Upanuzi mdogo huvumiliwa kwa gundi ya kushikilia beringi, ile ya kimiminika inayoganda pasipo hewa, ikipakwa kwenye ukuta uliosafishwa mafuta yote. Upanuzi mkubwa huhitaji habu itobolewe na kuvishwa bushi. Kupiga ukuta kwa punchi ili kuinua vinundu vya kushika beringi ni desturi ya zamani isiyofaa kurithiwa. Vinundu hulala baada ya miamba michache, na beringi wakati huo imekaa upande.

Ufungaji wenyewe ni mfupi iwapo maandalizi yamefanyika. Beringi mpya hulala kwenye friza usiku mzima, zikiwa ndani ya vifungashio vyake. Kutoka joto la chumba hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, kipenyo cha 35 husinyaa kiasi cha milimita 0.015. Ni kidogo, lakini kikijumlishwa na kutanuka kwa habu iliyofikishwa nyuzi 90 au 100, mara nyingi beringi huteleza ndani kwa uzito wake ikisindikizwa na mkono. Beringi mpya yenyewe haipashwi joto, kwa sababu ya sili na grisi yake. Umande unaoshika chuma baridi hupanguswa mara moja.

Inayotangulia ni ile inayozuiwa na pete, ambayo huteremshwa hadi ikae kabisa kwenye ukingo wake. Husukumwa kwa ringi ya nje pekee: soketi yenye kipenyo kinachofaa, au ringi ya nje ya beringi ya zamani iliyosagwa kidogo ili isikwame. Sauti ya nyundo hubadilika inapofika mwisho, kutoka mlio butu hadi mlio mkali, na asiyeisikia tofauti hiyo agonge mara moja tena na kusikiliza. Pete hurudishwa mahali pake. Habu hugeuzwa, spesa ya ndani huingizwa ikiwa na grisi nyembamba juu yake. Hatua hii husahaulika mara nyingi kuliko mafundi wanavyokiri, na dawa yake ni kuichomoa tena beringi iliyokwisha kuingia. Ekseli hupitishwa kwa muda ili iishike spesa katikati.

Beringi ya pili haiteremshwi hadi ukingoni. Huteremshwa hadi ringi yake ya ndani iguse spesa, basi. Kwa kuwa spesa imezidi kwa sehemu ya kumi ya milimita, kati ya ringi ya nje na ukingo hubaki mwanya mdogo, na mwanya huo ndio unaotakiwa: ringi mbili za nje na mbili za ndani zimebaki kwa umbali ule ule, hakuna gololi inayovutwa kando. Pigo moja la ziada baada ya kugusa huisukuma ringi ya nje mbele wakati ya ndani imezuiwa, na hitilafu iliyoepukwa kwa vernia inarudi kwa nyundo. Ndiyo maana wengine hupendelea fimbo ndefu yenye nyuzi, nati mbili na washa nene, ambazo huivuta beringi taratibu na kumwezesha mtu kuhisi mguso kwenye spana. Beringi ya pili ikishaingia na ekseli ikiwa nje, spesa hujaribiwa kwa kidole. Ikiwa inachezacheza huku na huko kwa urefu, beringi ya pili haijafika. Ikiwa imeshikwa kidogo lakini bado inasogezeka kando kwa kusukumwa, iko sawa.

Sili mpya hupakwa grisi kwenye mdomo na kuingizwa usawa. Kati ya sili na beringi huwekwa grisi isiyoyeyuka majini, si kwa ajili ya gololi, ambazo zimetoka kiwandani na grisi ya kutosha, bali kuzuia maji yasikae hapo. Upande wa dramu kiasi hupunguzwa, kwa kuwa grisi iliyozidi ikipata joto hutiririka hadi kwenye viatu vya breki.

Spesa za nje hazibani gololi, lakini zina kazi mbili. Ya kwanza ni kukamilisha ile nguzo: kila moja lazima iegemee ringi ya ndani peke yake, isiguse sili wala ringi ya nje. Mahali inapopita kwenye mdomo wa sili, uso wake unapaswa kuwa laini. Mfereji uliochimbwa na sili ya zamani hupitisha maji hata sili ikiwa mpya, na hapo spesa hubadilishwa au hugeuzwa iwapo umbo lake linaruhusu. Ya pili ni kuliweka gurudumu mahali pake. Katika gurudumu la nyuma, spoketi lazima ilingane na ile ndogo ya injini, na hilo hukaguliwa kwa kunyoosha rula ndefu juu ya uso wa spoketi. Kisha uzi huvutwa kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele pande zote mbili. Ikiwa cheni imenyooka na rimu imekwenda kando, kosa liko kwenye spoku, na spesa isitumiwe kulificha. Kwa mbele, gurudumu huwekwa katikati ya foku, na miguu ya foku hairuhusiwi kuvutwa ndani na nati: bolti za kubana ekseli huachwa wazi, foku hubonyezwa mara kadhaa ili ijipange, ndipo zikazwe.

Ekseli hukazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha modeli husika, na gurudumu likarudia jaribio la awali la nati iliyolegea na nati iliyokazwa. Likibaki jepesi katika hali zote mbili, pikipiki iko tayari kwa mto. Baada ya siku ya kwanza ya mashindano nati hukaguliwa, rimu hutikiswa, na habu hushikwa kwa kiganja: uvuguvugu upande wa dramu ni wa breki, lakini joto upande usio na breki ni la beringi inayobanwa. Mkondo wa maji wa mashine za kuoshea hauelekezwi kwenye sili. Vipimo vya habu na spesa huandikwa ndani ya jalada la kitabu cha pikipiki, pamoja na namba za beringi na mwelekeo wa nyuzi za pete, ili mmiliki anayefuata asianze kwa kubahatisha.